Njia ya Mipaini

Fundi jirani anaranda mbao za paini, na ile harufu ya utomvu imenirudisha utotoni, miguu ikiuma.

Tulikuwa tunakwenda mnadani, mama na furushi la mitumba kichwani. Njia ya mlimani ni kali, nikalia tupite kwenye mipaini, kule tambarare, majani yake laini kama godoro.

"Miguu ya kizungu hiyo," mama akanitania, ila alisita. Babu, baba mkwe wake, alizoea kupita huko, na kwetu mke haonani na baba mkwe. "Haya. Ukimwona, sema."

Nilimwona tumeshakaribiana. Kichaka hakuna, ni mashina matupu. Mama akageuka, akaficha uso kwenye shina, furushi likitetemeka.

Babu naye akatazama pembeni, akihema.

"Mjukuu, mama yako amechoka?"

"Amechoka, babu."

"Pole yake. Mwambie apite tu."

Akaacha njia, akaanza kupanda mlima na fimbo yake.

"Ameshafika juu?" mama akanong'ona.

"Ameshafika," nikasema. Alikuwa amekaa chini katikati ya mteremko, anakanda goti.