Bei ya Pili ya Mtumbwi

Siku niliyonunua mtumbwi wa tanga kule Nkome naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu ndiyo iliyonitenga na nyumba yangu.

Nilikuwa kijana. Nilikuwa nimechimba dhahabu Rwamgasa misimu miwili, nimemwacha mke wangu Kabula na binti yetu mchanga huko Samuye. Nilichopata kilitosha mtumbwi uliokwisha kutumika, basi. Nikajiambia nitabeba mizigo ziwani, kisha nitawaleta tukae pamoja. Nani asiyependa kukaa na wake?

Muuzaji alikuwa ameupaka rangi mpya ya bluu. Sisi wachimbaji ndio wa kwanza kusema si kila king'aacho ni dhahabu, lakini rangi ile ilinipumbaza. Karibu yangu fundi wa mitumbwi, Mzee Lufungulo, alikuwa akichonga kasia. Nikamwamkia.

"Marahaba, ng'wanawane," akaitikia kwa Kisukuma, yaani mwanangu. "Bei ya muuzaji umeiuliza. Bei ya mbao je?"

"Bei ya mbao?"

"Ya kuutengeneza. Tuupindue, niuchome mkuku, ule ubao wa chini unaoshika chombo chote, kwa kisu. Ubao mzima hukataa kisu."

Nikadhani anatafuta kazi. Tena niliogopa mwingine asije akaniwahi. Nikalipa yote, sikubakiza hata ya msumari.

Wiki ya tatu maji yakaanza kupanda kutoka chini. Mzee akaupindua bila kunicheka, na kisu kikazama kwenye mkuku kama kwenye ugali. Nikarudi mashimoni kutafuta fedha. Nilipoweka mkuku mpya, mbavu zikaonekana zimeoza; nilipobadili mbavu, tanga likachanika. Kila mara nilimtumia Kabula salamu: bado kidogo. Miaka mitano, mwanangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliununua ufa wenyewe.

Nilipofika Samuye, Kabula alikuwa ameolewa tena. Hakunitukana, alinipa kiti tu. Binti yetu akapiga goti.

"Shikamoo, mgeni."

Nikaitikia marahaba. Leo niko hapa Ngokolo, najipikia, nala peke yangu, redio ndiyo inayonisemesha.

Sasa nasikia nawe, kijana wa jirani, umeona mtumbwi uliokupendeza. Usiununue kwa macho. Uanikwe juani hadi ukauke, kisha uchome mkuku kwa kisu. Linyanyue tanga uone matundu. Tafuta fundi asiye ndugu wa muuzaji akutajie gharama za matengenezo, nawe uongeze juu yake, maana uozo hujificha. Ukijumlisha na bei ukaona yamekushinda, ondoka. Aibu ya kurudi mikono mitupu hupita. Na kama yupo anayekungoja nyumbani, mwambie ukweli mapema, usimlishe "bado kidogo."

Mungu akupe chombo kizima, mwanangu, akutulizie ziwa, na asikunyime watu wa kula nao.