Nilimpandisha Mzee Mtini kwa Sauti Yangu

Wasomaji wenzangu, kosa ni langu, asisingiziwe shetani wala jua la Korogwe. Jina langu niacheni nilifiche, aibu inanitosha.

Mimi ni Mzigua wa Kwedizinga. Mdachi mmoja alinichukua niwe karani wake, tukizunguka na mtambo unaonasa sauti katika vigogo vya nta. Alitaka habari za wazee waliojenga reli na sasa wameacha kazi. Pale Manundu, hapa Korogwe, nikampata Mnyamwezi mmoja, mbeba mataruma wa zamani, yale yanayolaliwa na reli, magoti yamekwisha. Mnajua Mzigua na Mnyamwezi ni watani! Salamu bila matusi hainogi.

Lakini siku ile mzee hakutania. Alisimulia ujenzi wa daraja mpaka koo likamkauka, kisha akaniomba jambo moja.

"Mwenzangu Mayunga tulimzika kando ya reli. Jina lake lifike huko Ulaya."

Jamani, njaa! Nikakiweka kigogo juu ya rundo la mataruma ya chuma, nikaenda kula bada, ugali wetu wa muhogo. Jua la mchana nililisahau kabisa. Niliporudi, habari za mzee zilikuwa zimeyeyuka kama samli.

Mdachi alikuwa anaondoka kesho yake, na kigogo cha nta kilibaki kimoja. Badala ya kumrudia mzee na kukiri, nilijifungia chumbani nikaiga sauti yake. Ningesema tu ya daraja na ya Mayunga! Ulimi wa mtani una pepo. Nikasema gari la moshi lilipokuja mara ya kwanza, mimi na Wanyamwezi wenzangu tulipanda mti, Wazigua wakatubembeleza tushuke. Nikanogewa, nta ikaisha.

Asubuhi, stesheni, Mdachi akaufungulia mtambo mbele za watu. Mzee naye alikuja, kanzu safi. Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Mzee akacheka nao, akasema mti ule ulimtesa sana, maana matawi ya juu yote yalishajaa Wazigua.

Kisha akanisogelea.

"Na Mayunga, umemtaja?"

Gari likapiga filimbi, Mdachi akaenda zake na kigogo.

Mzee amenisamehe. Ananiita karani wa nyani, na kuku wangu anajichukulia apendavyo.

Enyi makarani, neno la mtu likikuharibikia, mrudie umwambie! Utani wetu unaeleweka hapa Korogwe. Huko Ulaya wanaamini reli hii ilijengwa na watu wa mtini, na Mayunga hawamjui. Basi nimtaje hapa: Mayunga, Mnyamwezi, alijenga daraja letu, amelala kando ya reli.