Mwanafunzi wa Darini

Nina siku moja ambayo haijaniondoka, mwanangu. Ilikuwa Jumamosi mchana, kule Malvern, mtaa wa Johannesburg, na mvua ya mawe ilikuwa njiani. Nilikuwa kijana bado, nimetoka Nakuru na cheti changu cha ualimu, na nilijiona hodari.

Tulikuwa kikundi kidogo cha walimu wa Kiingereza ambao wanafunzi wetu walikuwa Wajapani. Usishangae. Wapo wahandisi wa Kijapani wanaoletwa Johannesburg na kazi za migodi na viwanda. Wanakuja na wake zao, na wake hao wanabaki nyuma ya kuta ndefu zenye nyaya za umeme, wakihitaji lugha ya kwenda nayo dukani na hospitalini. Wenzangu wengine walifundisha watu walioko Japani kwenyewe, kwa mtandao. Kila mwezi tulikutana katika darasa la watoto la kanisa moja, nyuma ya maduka ya Jules Street. Tulikalia vile viti vidogo, magoti karibu yaguse kidevu, tukapeana ujuzi: kwa nini mwanafunzi wa Kijapani hunyamaza ukimuuliza swali, utamsahihishaje bila kumwaibisha, na mambo kama hayo.

Aliyetuongoza alikuwa Mama Odette, mwalimu wa siku nyingi kutoka Lubumbashi, mwanamke mnene, mpole, ambaye hakuwahi kupandisha sauti. Pembeni yake hukukosa kumwona Kilonzo, Mkenya mwenzangu, aliyefundisha chuo kikuu na kucheka kwa sauti kubwa kuliko darasa lenyewe.

Mwanafunzi wangu aliitwa Bi Sachiko. Alikuwa mwanamke wa makamo, na aliishi Kensington, juu kidogo ya Malvern, katika nyumba ya zamani yenye paa refu la vigae. Mume wake alikuwa mgodini huko kaskazini na alirudi baadhi ya wikendi tu. Mimi nilipanga chumba mtaa wa mbali, La Rochelle, sikuwa na gari, kwa hiyo nilimfundisha kwa simu ya video. Hata siku moja sikuwahi kukanyaga kwake.

Alikuwa na tabia moja. Nikimuuliza swali, kabla ya kujibu aliinua macho juu, kidogo tu, kisha akayashusha. Nilidhani anatafuta maneno. Basi nikawa namsaidia. Namuuliza, "Hujambo leo?" Kimya. Macho juu. Nami namwekea jibu mdomoni: "Sema, niko salama, asante. Na wewe?" Naye anarudia, taratibu, neno kwa neno: "Niko salama, asante. Na wewe?" Tulizungumza Kiingereza, mwanangu, lakini nakupa kwa Kiswahili ili nisikuchoshe.

Tulipofika kwenye somo la kutaja vitu vya nyumbani, akaniambia, "Kuna mtu juu."

Nikamuuliza kama ana maana ya jirani wa ghorofani. Akatikisa kichwa. "Nyumba haina ghorofa. Kuna mtu juu."

Nikafikiri amekosea neno, labda ni paka, labda ni njiwa. Nikamsahihisha. "Sema, kuna kitu juu ya meza."

Alinitazama kwa muda. Kisha akainamisha kichwa kwa adabu, kama walivyo wao, akarudia: "Kuna kitu juu ya meza."

Nikampongeza. Lakini usiku nilipolala, yale macho yaliyokuwa yakiinuka yalinirudia. Kwa hiyo Mama Odette alipotafuta mtu wa kufundisha mbele ya wenzake ili tujifunze kwa kuangalia, nilijitolea, na Bi Sachiko akakubali tumpigie tukiwa wote.

Basi Jumamosi hiyo nikaweka simu juu ya rundo la vitabu vya nyimbo, na tukaunganisha spika ili kila mtu asikie. Nje mawingu yalikuwa yamekuwa ya rangi ya shaba, na barabara ilikuwa imenyamaza kama inavyonyamaza kabla mawe hayajaanza kushuka.

Mama Odette aliniambia, "Leo ukimuuliza, usimupe jibu. Weye ngojea tu. Hata ukisikia haya, ngojea."

Bi Sachiko alitokea kwenye kioo, amekaa sebuleni kwake, mikono mapajani. Nikamsalimia. Nikamuuliza, "Hujambo leo?"

Macho yakaenda juu. Ulimi uliniwasha kumsaidia, lakini Mama Odette alikuwa ameniwekea mkono begani. Nikangoja. Kimya kile kilikuwa kirefu hata mwalimu mmoja akakohoa kwa aibu.

Ndipo sauti ikajibu. "Niko salama, asante. Na wewe?"

Ilikuwa sauti ya mwanamume. Ilikuwa ya chini, kama inayopita kwenye nguo, na midomo ya Bi Sachiko ilikuwa imefumbwa.

Kilonzo akacheka. "Eish, mzee yuko nyumbani leo! Na yeye anataka somo."

"Mume wake yuko mgodini," nikasema. "Aliniambia jana."

"Basi ni mtandao. Ni mwangwi wa sauti yako."

"Mwangwi wa nini, Kilonzo? Leo sijalisema hilo jibu."

Hakucheka tena. Mama Odette akasogeza kiti chake mbele ya simu, akazungumza polepole. "Bi Sachiko, ni nani mwingine yuko hapo?" Kisha akangoja. Kilonzo alitaka kuongeza neno, mama akainua kidole kumzuia. Wote tulikuwa tunaangalia uso wa yule mwanamke, na nikaona kitu ambacho masomo yote yale sikukiona, kwamba tabasamu lake lilikuwa linatetemeka.

"Mwanafunzi," akasema Bi Sachiko.

"Mwanafunzi gani?"

Hakujibu kwa mdomo. Aliinua kidole, taratibu, akaonyesha dari.

Wakati huohuo umeme ulikatika. Kwetu taa zilizimika, na kwake pia, kwa maana kioo kilijaa giza. Lakini simu haikukatika. Tulisikia mbao zikilia, krii, krii, kama mtu mzito anayetambaa. Kisha ile sauti ikasema, kwa vituo vilevile vya Mama Odette, kwa upole uleule: "Ni nani... mwingine... yuko hapo?"

Hapo simu ikafa.

Sikumbuki nani alisimama kwanza. Nakumbuka tuko ndani ya gari la Kilonzo, watatu sisi, roboti zote za Jules Street, yaani taa za barabarani, zimezimika, magari yanasukumana kwenye makutano, na mawe yameanza kupiga paa la gari. Kilonzo alikuwa anaendesha kufuata anwani niliyompa, akiomba kwa Kikamba. Mimi nilikuwa napiga simu ya Bi Sachiko na haipokelewi. Mama Odette alikaa nyuma, akauliza jambo moja tu.

"Alisha kukuambia mbele?"

Nikamweleza. Mtu juu. Kitu juu ya meza.

Tulimkuta Bi Sachiko nje ya geti, amesimama chini ya ukingo wa ukuta, mawe yanadunda miguuni pake, na viatu vya ndani bado mguuni. Mlinzi wa mtaa, mwanamume wa Uvira, kule Kongo, alikuwa amemfunika kwa koti lake la mvua, lakini hakuwa ameelewa anachoambiwa. Alipotuona Bi Sachiko alinishika mkono kwa nguvu. Ilikuwa mara ya kwanza kugusana. Vidole vyake vilikuwa baridi kama chuma.

Mlinzi alipiga simu kuita polisi na, kwa tahadhari, gari la wagonjwa, kisha akaingia nasi. Ndani kulikuwa safi, kimya, na harufu ya wali. Kwenye korido, juu, kulikuwa na kile kifuniko cha mbao cha kupandia darini. Kilikuwa kimesogezwa, na pale paliposogezwa palikuwa peusi.

Mama Odette alisimama chini yake. Akamwita kwa Kifaransa, akangoja. Akamwita kwa Kiswahili: "Shuka, baba. Hatuna ubaya." Mlinzi akajaribu Kizulu. Hakuna. Ndipo Mama Odette akanisukuma mbele taratibu. "Sema weye. Sauti yako ndiyo anaijua."

Nikasema lile nililolijua. "Hujambo leo?"

Giza likajibu. "Niko salama, asante. Na wewe?"

Kisha miguu ikatokea.

Alikuwa amevaa soksi za mume wa Bi Sachiko. Alishuka kwa mikono, mwanamume mwembamba, ndevu zimejaa vumbi, mguu mmoja umevimba na una kidonda chenye harufu. Alipofika chini alituinamia kichwa, vilevile kama Bi Sachiko anavyoinama.

Kilonzo akamuuliza jina.

"Ninaitwa Sachiko," akasema yule mtu. "Ninatoka Japani. Nina binti mmoja. Ninapenda kupika."

Hakuwa anatania, mwanangu. Uso wake ulikuwa wa mtu anayejitahidi sana. Na kilichonifanya nishike ukuta si maneno, ni matamshi. Sauti ilikuwa ya mwanamume, lakini namna ya kulitamka kila neno ilikuwa ya Nakuru. Ilikuwa yangu. Tulimuuliza anatoka wapi kweli, ameingiaje, amekaa humo tangu lini. Kwa kila swali alitafuta sentensi ya somo, akaitoa kwa uangalifu, na akiikosa alisema, "Tafadhali rudia polepole." Tulirudia. Haikusaidia.

Alipokaa kwenye kiti, Bi Sachiko alienda jikoni, akamletea chai. Alimpa bila kumtazama, kama mtu aliyezoea kuacha chakula na kuondoka. Ndipo akatueleza, neno moja moja, nasi tukamngoja. Aliwahi kusikia hatua juu. Alimwambia mume wake, mume akasema ni upweke. Alimwambia jirani, jirani akamletea sumu ya panya. Akaona chakula kinapungua. Akaanza kuacha bakuli la wali mezani ili mtu huyo asimfuate chumbani. Na kila somo alisikia mtu anarudia nyuma yake.

"Nilimwambia mwalimu," akasema, bila hasira. "Mwalimu alisema, meza."

Gari la wagonjwa lilimchukua yule mtu. Polisi waliangalia darini, wakakuta blanketi na vigae viwili vilivyolegea, basi. Jumatatu Mama Odette alikwenda hospitalini kumjulia hali, akaambiwa mguu ulikuwa umeanza kupona na mgonjwa ameondoka mwenyewe, hakuna aliyemwona akitoka. Kitandani alikuwa ameandikwa kwa jina alilowapa. Sachiko. Hadi leo sijui alikuwa mtoto wa nani, wala lugha ya mama yake ilikuwa ipi.

Mume wa Bi Sachiko alikuwa amerudi Jumamosi ileile jioni, akasimama chini ya kile kifuniko kwa muda mrefu, kisha akamwinamia mkewe. Walihamia kwenye fleti. Bi Sachiko aliendelea kusoma kwangu, na maneno yake yaliongezeka.

Lakini nikuambie alichoniambia Mama Odette Jumamosi ile tukiwa bado kibarazani kwa Bi Sachiko, mawe yanayeyuka kwenye majani. Hakunigombeza. Alinishika kidevu kama mtoto.

"Umemufundisha kusema iko salama," akasema. "Bon. Kusema anaogopa, ulimufundisha siku gani? Angalia sasa. Walikuwa batu wawili humu ndani, mumoja chini, mumoja juu, na wote wawili weye uliwapa neno moja tu la kujibu. Wako salama. Na hakuna aliyekuwa salama."

Nililia, naye akaniacha nilie.

Kwa hiyo, mwanangu, wewe unayeanza kazi hii, sikiliza. Mtu mwenye maneno machache si mtu mwenye akili chache. Akikuambia jambo la ajabu kwa sentensi iliyovunjika, usiikimbilie sentensi. Muulize kwanza lile jambo. Kama ni kweli, sarufi itangoja. Kimya chake usikijaze kwa sababu kinakuumiza wewe. Kile ni chake, na huenda ndani yake anapima kama unaweza kubeba atakachokuambia. Ukimwekea jibu mdomoni atalichukua, kwa adabu tu, na utakwenda zako ukifurahi kwamba amejua.

Na somo la kwanza lisiwe la kujibu salamu. Mpe kwanza "naogopa". Mpe "nisaidie", na "sivyo nilivyosema". Hizo ndizo sentensi tunazofundisha mwanzo katika kikundi chetu sasa, na tukikutana hujizoeza kuzipokea pia, maana kuna walimu wanaojua kuzifundisha na hawajui kuzisikia. Jua pia kwamba sauti yako inakwenda mbali kuliko yule unayemwona. Kuna mtu asiyelipa ada wala kuonekana, anayekusikiliza ukutani, chumba cha pili, kwenye ngazi, na maneno yako anayafanya kuwa mdomo wake wote. Chagua ya kumpa.

Mungu akupe sikio lenye subira. Akupe wanafunzi watakaokuambia ukweli, na moyo wa kutoogopa ukiusikia. Popote sauti yako itakapofika, ifike kwa heri. Nenda, mwanangu, ukafundishe.