Ukuta wa Vyungu

Jina la baba mkwe wangu silitaji. Alikufa zamani na kaburi lake limezungukwa na migomba, lakini kwetu mkaza mwana hataji jina la baba wa mumewe, nami sitaanza leo uzeeni. Nilikuwa nimeishi uwanjani kwake miaka tisa kabla ya safari ninayoisimulia, na katika miaka hiyo nilichokijua kwake ni kikohozi tu. Akikohoa njiani, mimi naingia migombani, najifunika nguo kichwani, nampa mgongo mpaka apite. Yeye naye alikohoa makusudi akiwa bado mbali, ili nipate nafasi ya kujificha bila kukimbia. Huo ulikuwa upole, ila wakati ule sikuujua.

Walimu wa misheni walituambia kwamba mtu aliyebatizwa hafungwi na mambo hayo. Tuliwaitikia vizuri tu. Kanisani baba mkwe alikaa mbele upande wa wanaume, mimi nyuma kabisa karibu na mlango, na ibada ikiisha nilikuwa wa kwanza kutoka. Watu wa siku hizi wanacheka nikiwaeleza. Wacheke, lakini mimi sikuwahi kutukanwa na mkwe.

Sisi wa ufukweni, chini ya milima, hatuna mashamba ya maana. Wanaume wanavua, wanawake tunafinyanga, na vyungu vyetu vilikwenda kwa mtumbwi mpaka Mwaya kubadilishwa kwa ndizi na maharage. Wadachi walikuwa wametulia bomani kwao, vita vyao na Waingereza vilikuwa havijaja, na mume wangu alikuwa ameitwa kulima barabara ya Serikali.

Siku moja baba mkwe alirudi kutoka Mwaya, akaweka chungu mlangoni pangu, akaenda zake. Nilitoka nikakiona, kina ufa ubavuni, hasira zikanipanda. Nilidhani ni chungu changu kimerudishwa na mteja. Mimi vyungu vyangu havipasuki. Kila mfinyanzi ana namna yake ya kumalizia, na mimi nilimalizia chini ya mdomo wa chungu kwa kubonyeza kidole kidogo mara mbili, alama moja kando ya nyingine. Nikapapasa, alama zilikuwepo. Lakini nilipoingiza kidole, kilicheza ndani. Mkono uliobonyeza pale ulikuwa mpana kuliko wangu.

Alama ile niliirithi kwa mama yangu. Mama alitekwa na wauza watumwa nikiwa bado natambaa, watu wakamlilia kama maiti, nami nikalelewa na dada yake, mama mdogo. Kitu pekee alichoniachia ni chungu kimoja, na kutoka kwenye chungu hicho ndipo shangazi zangu na mama mdogo walinifundisha kuiga alama yake. Sasa chungu hiki kingine kilikuwa kipya. Mistari yake myeupe ilikuwa haijapata masizi. Nikakaa pale pale mlangoni.

Mama mkwe ndiye aliyenieleza. Baba mkwe alikiona kwa msafiri mmoja aliyetoka kisiwa cha kusini, mbali kupita Manda, akatoa kisu chake cha samaki ili akipate. Nikauliza alijuaje alama. Mama mkwe akanikata jicho. “Kila siku anapita penye kichanja unachokaushia vyungu. Uso wako haujui, lakini macho anayo.”

Basi ikawa lazima twende. Kusema kweli, baba mkwe alikitamani kisiwa kile tangu ujana, na sababu yake ilikuwa ndege. Mvuvi mzima angepaswa kumchukia mnandi anayemwibia samaki, lakini yeye angeweza kuacha nyavu ziozee ili amtazame mnandi akianika mabawa. Kila msafiri alimhoji. Walimwambia kuna mwamba uliojaa ndege mpaka umekuwa mweupe kwa mavi yao. Walimwambia huko chui hakuna, mbuzi wanalala nje, kenge wanaota jua penye milango ya watu, na wenyeji wanacheza ngoma wakiwa wamepanga mistari, hata vikongwe. Mama mkwe alikuwa akisonya tu. “Mtu na mvi zake anakwenda kuangalia kenge.”

Baba mkwe alipanga mawe madogo uwanjani, kila jiwe ni kijiji cha kulala, jiwe kubwa ndicho kisiwa. Mimi nilikuwa jikoni, yeye nje, uso ameuelekeza ziwani.

“Mwambie mwanao tutaondoka mwera ukitulia,” alimwambia mkewe. Mwanao ndiye mimi.

“Amesikia.”

“Mwambie tena.”

“Kwani ana maji masikioni? Amesikia.”

Mwera ni upepo wa kusini, na ukivuma ziwa halina mchezo. Tulikuwa na muda wa kukausha samaki, kusaga unga wa ndizi na kuwaombea watoto wangu mahali kwa mama mdogo. Tatizo lilikuwa moja, na kila mtu alilijua ila hakuna aliyetaka kulisema. Mtumbwi ulikuwa mmoja. Ndani ya mtumbwi hakuna migomba ya kuingia mtu akikohoa.

Dawa niliipata mimi, na nilijisifu nayo wiki nzima. Ningefinyanga vyungu, tuvipange katikati ya mtumbwi, vikubwa chini, vidogo juu, tuvishindilie majani na kuvifunga kwa wavu mkuukuu. Yeye angekaa nyuma na kasia lake. Mimi na mama mkwe tungekaa mbele, tunatazama kusini. Baba mkwe alipoelezwa akasema, “Mwambie mwanao ana akili.” Nilifinyanga mpaka mgongo ukakataa kunyooka. Siku ya kuondoka ukuta ulinipita kichwa nikiwa nimekaa.

Tulipiga kasia siku mbili kwa raha. Kila tulipolala tulitoa vyungu viwili vitatu, tukapewa mahindi, tukapewa kuku. Siku ya tatu nikasikia kikohozi nyuma ya shingo yangu, karibu mno. Nikageuza jicho kidogo nikaona kofia yake. Ukuta ulikuwa umepungua! Tulikuwa tunaula sisi wenyewe. Watu watatu wazima tulipanga safari kwa mawe na vidole, na hakuna aliyekumbuka kuwa vyungu ndivyo chakula chetu cha njiani. Kwetu mtumbwi wa vyungu unapakiwa ili uishe, na mikono yetu ilivitoa kwa mazoea tu.

Tangu hapo tulikula unga wa ndizi na samaki wakavu, mama mkwe akilalamika kutoka jiwe hadi jiwe. Nilikwenda nimejikunja chini, magoti kidevuni, mpaka kisiwani.

Ufukweni watu walikimbilia vyungu. Bibi mmoja hakututazama usoni hata kidogo. Alipitisha kidole chini ya mdomo wa chungu, akahamia kingine, akarudia kile cha kwanza. Kisha akauliza kwa lugha yetu ya Kikisi iliyokwisha kuchakaa, “Nani alikufundisha kumalizia hivi?”

“Dada yako,” nikasema.

Alikaa mchangani kwa mshindo. Nililia, yeye alilia, na mama mkwe, ambaye nilidhani machozi hana, alilia kutushinda sote.

Lakini mama hakuweza kurudi nasi. Kisiwani alikuwa na mume na watoto wakubwa, wadogo zangu ambao sikuwahi kuwaota. Iliniuma, sifichi. Na jioni ile ile, kabla jua halijazama, vyungu vyote vilikuwa vimechukuliwa, hakijabaki hata kimoja. Nikaona tutalala siku mbili tatu, tupakie, basi. Mama mkwe akasema tuombe mkeka kwa wenyeji tuusimamishe katikati ya mtumbwi, utatosha kuwa ukuta.

Baba mkwe alikuwa akitazama mwamba wa ndege. Hakugeuka. “Mwambie mwanao mkeka utachukuliwa na upepo. Vyungu tu ndivyo vinavyofaa. Afinyange vingine na mama yake. Nitasubiri.”

Tulikaa mwezi mzima. Asubuhi tulichimba udongo, mchana tulifinyanga, mama upande huu, mimi upande ule, magoti yetu yakigusana. Alinirekebisha mkono kama mtoto. Nilijua chakula anachokichukia, nilijua anavyokoroma. Baba mkwe alishinda kwenye mwamba wake, akirudi anamsimulia mkewe kenge aliyelalia kiatu cha mtu, na mimi nilinung'unika moyoni kwamba mzee anatuchelewesha kwa ajili ya ndege. Sikuwa na shukrani hata kidogo. Siku ya kuondoka mama aliupanga ukuta kwa mikono yake, akakaza kamba kila fundo, akaniambia nirudi mwakani.

Njia nzima ziwa lilikuwa kama maziwa ndani ya kibuyu, halina upepo hata wa kuzima kibiriti. Hatukutoa chungu hata kimoja. Tulipofika nyumbani na kushusha mizigo, mama mkwe alivuta kitu kutoka mahali alipokuwa amekaa mumewe. Ulikuwa mkeka, mpana, umekunjwa vizuri, wa nyumbani kwetu.

“Huu ulitoka wapi?” nikauliza.

“Aliupakia siku ya kwanza,” akasema. “Kisiwani aliniambia ninyamaze. Wewe ulidhani hakuufikiria?”

Nilisimama na maji magotini. Nilitaka kumwambia baba mkwe ndaga, neno letu la shukrani, na kwa mila sikuwa na mdomo wa kumwambia. Nikachagua chungu kimoja kati ya vile vya kisiwani, chenye alama mbili za kidole kipana cha mama na mbili za kidole changu, nikakiweka mlangoni pake, nikaenda zangu.

Kesho yake nilikuwa njiani na mzigo wa kuni. Akakohoa kutoka mbali, kama kawaida. Niliingia migombani, nikajifunika, nikampa mgongo. Hatua zake zilipofika usawa wangu, nami nikakohoa. Alisimama kidogo, kisha akaendelea na njia yake.