Nguo ya Kioo ya Objektifu Yangu

Sisi watu wa Butembo kitu kipya hatukiachi uchi. Ingia nyumba yoyote ya mfanyabiashara utaona: viti vya saluni ya kupokelea wageni bado vimo ndani ya plastiki ya dukani, mwaka wa tatu huu, na mgeni akikaa vinalia chini yake kama bata. Televizyo ina kitambaa cha kufuma. Pikipiki inashonewa koti la tangi kabla haijaonja mafuta. Simu inawekewa kioo juu ya kioo chake. Nayasema haya mapema ili mtu asinicheke akifika katikati.

Mimi ni mpiga foto. Wapiga foto ni wengi mjini, lakini ukiuliza “mpiga foto” bila kuongeza neno, watakuleta kwangu. Nimesoma mpaka mwaka wa nne wa primeri, Kiswahili changu ni cha katekisimu na cha soko, na wenye diploma wanapanga mstari mbele ya studio yangu ili niwaambie wainue kidevu. Nilianza na foto za kadi, shuka jeupe nyuma ya mtu, jua mbele yake. Hakuna aliyenifundisha. Mashine nilizifungua mwenyewe na kuzifunga mwenyewe, na kama vis moja au mbili za kukazia zilibaki mezani, mashine haikuzikumbuka.

Objektifu ndefu, yaani jicho la mbele la aparei ya foto, nilinunua kwa sababu ya kamba. Zamani wapiga foto tulikuwa tunatembea hata karibu na altare. Halafu siku moja, katika misa kubwa, mmoja wetu alimshika Askofu bega akamgeuza kidogo kuelekea kwenye mwanga. Sitasema ni nani. Foto ilitoka nzuri sana. Tangu siku ile watu wa liturjia walifunga kamba mbele, na wababa wa protokole wenye mikanda ya njano wanailinda kama mpaka wa nchi. Basi, kama miguu imekatazwa, jicho litatembea. Niliuza pikipiki yangu, nikaagiza Kampala ile zumu nyeupe, nene kama mkono wa fundi chuma, yenye kuvuta uso wa mtu kutoka hatua arobaini.

Pale mpakani Kasindi, mtu wa douane, wa ushuru, aliigeuza-geuza.

“Iyi ni bomba ya mayi?”

“Ni jicho, chef.”

“Jicho ya nani?”

“Ya miye.”

Aliniangalia macho yangu mawili, akahesabu, akapiga muhuri. Nyumbani bibi yangu wa ndoa alisimama mlangoni.

“Njo kusema umeuzisha pikipiki, umeleta termosi.”

Nikampita. Mtu mwenye kuona mbali anaishi na watu wenye kuona karibu.

Sasa, vumbi la Butembo mnalijua. Kiangazi linaingia hata ndani ya yai. Kuacha kitu cha bei ile uso wazi? Nilienda kwa fundi anayekata vioo vya fremu, nikamwambia anikatie kioo cha mviringo, sawasawa na mdomo wa objektifu. Nilitengeneza pete kwa kopo la maziwa, nikaifungia mpira wa chambre-à-air, wa ndani ya tairi, ili ibane. Ikaingia, taf! Kama imezaliwa nayo. Nilionyesha mtaa mzima. Wapiga foto wawili wakaniomba niwafundishe, nikakataa. Kila asubuhi nilikipangusa kile kioo kwa shati la zamani la pamba mpaka kikawa hakionekani.

Kazi yake kubwa ya kwanza ilikuwa ushemasi wa kijana mmoja wa Mutwanga, uliofanywa kwetu Butembo. Mama yake ni mjane, anauza kahawa na ndizi, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Baba wa yule kijana nilimpiga foto mimi, miaka mingi iliyopita, foto ya kadi, na ndiyo foto pekee waliyonayo ya marehemu. Kwa hiyo mama hakutafuta mwingine. Nilisimama nyuma ya kamba, nikavuta, nikapiga, nikarudi studio nikiimba.

Nilipofungua kwenye ordinatere, ile kompyuta ya studio, nikaacha kuimba. Foto za karibu, sawa. Lakini kila niliyoivuta mwisho ilikuwa laini kama uji. Macho yalikuwa na macho mengine pembeni yake. Mshumaa ulikuwa na kivuli cha mshumaa. Nikatoa iliyo afadhali, nikampa mama. Aliisogeza karibu, akaipeleka mbali.

“Fotografe, uyu ni mutoto yangu ao ni malaika yake?”

“Ilikuwa ukungu, mama.”

“Ndani ya kanisa?”

Yeye hakugomba. Alifunga foto ndani ya kitenge, akasema neno ambalo lilinikaa rohoni kuliko matusi: “Pale nilikaa, niliona mugongo yake tu. Kwa upadri pia nitaona mugongo. Weye njo utanikamatia macho yake, wakati Askofu anamuwekea mikono. Ile tu. Zingine achana nazo.”

Upadri ungefanyika Beni baada ya miezi saba. Miezi saba nilikuwa nayo ya kuponya objektifu.

Sikwenda kwa mtu. Ningeenda kwa nani? Kwanza nilisafisha yale meno madogo ya dhahabu pale objektifu inapoingia kwenye aparei, kwa gome ya mwanafunzi ya kufutia na pombe ya dawa. Bado uji. Nikageuza vibonye vyote vya pembeni, kimoja kimoja, nikiandika kwa alama zangu. Nikagundua kwamba kile cha kutuliza mtikisiko, ukiweka aparei kwenye miguu mitatu lazima ukizime, la sivyo mashine inajitikisa yenyewe ikitafuta mtikisiko wa kutuliza. Hilo nililigundua peke yangu na sijamwambia mtu mpaka leo. Bado uji. Nikatundika kalenda ya parokia ukutani, hatua thelathini, nikapiga kwa kasi ndogo, kwa kasi kubwa, asubuhi, saa sita, nikiwa nimeshika pumzi. Tarehe zote zilikuwa na mapacha.

Nikasema ni unyevu. Ukungu wetu unaota hata kwenye viatu. Nikaizika ndani ya gunia la mchele siku nne. Siku ya tatu bibi yangu alikuja na sufuria.

“Papa, leo tunakula muchele ao tunakula objektifu?”

“Chota pembeni.”

“Nikiipika, itaona muzuri?”

Niliitoa kwenye mchele imekauka kama biskuti, nikaipangusa, nikakipangusa na kile kioo, nikakirudisha pale pale. Uji. Nikamlaumu aliyeniuzia Kampala, nikailaumu barabara ya Kasindi na mashimo yake. Kioo changu sikukilaumu hata siku moja. Kitu chenye unakipangusa kila asubuhi kwa mikono yako, utakishuku namna gani?

Ikafika siku ya kuamkia upadri. Nikapanda pikipiki ya motari kwenda Beni, begi kifuani. Kabla ya mji kuna bariere ya jeshi, na pale alisimama soda mmoja, askari aliyetoka mbali kule Équateur, kijana mrefu, mpole wa sauti.

“Vieux, oyo nini?” akauliza, akigusa begi langu.

“Ni aparei ya foto, chef. Nakwenda kwa misa.”

“Fungula.”

Nikamfungulia. Akaweka jicho, akaielekeza mlimani ambako mama mmoja alikuwa analima. Akaangalia muda mrefu. Kisha akagonga kioo changu kwa ukucha.

“Na hapa ndani umeficha nini?”

“Hapana ficha, chef. Ni nguo yake. Nilitengeneza miye.”

Akaivuta ile pete, akachungulia kati kama kuna kitu, hakuna, akaweka jicho tena kwenye aparei. Akacheka.

“Sasa naona mupaka mupini ya jembe, ni mupya. Kumbe ulikuwa unaangalia na ndani ya chupa, vieux.”

Nilimwambia merci, chef, kwa sauti ya mtu aliyemezeshwa kinini chungu. Miaka karibu thelathini ya kazi, halafu mtu wa bunduki ananifundisha kioo! Nikarudisha pete, tukaondoka. Lakini kuangalia mlima kutwa nzima ndiyo kazi ya soda, na mwenye kazi hiyo macho yake hayachezi. Tulipofika kwenye ukuta mmoja ulioandikwa tangazo la sementi, nikamgonga motari begani asimame. Nikapiga ukuta ule na nguo, nikapiga bila nguo. Nikakuza kwenye ekrani. Na nguo: mapacha wangu wale wale. Bila nguo: kila herufi, na hata tone la rangi lililomtoroka mchoraji likateremka chini.

“Papa, umeona nini?” motari akauliza.

“Nimeona ujinga.”

“Iko wapi?”

“Endesha.”

Miezi saba. Mwingine angechukua miaka. Na majaribio ya ukuta niliyafanya mimi, soda alisaidia tu.

Jioni nikamsalimia mama pale Mulekera, mtaa wa Beni, alipofikia kwa ndugu zake. Alikuwa anapasi kitenge cha sherehe.

“Ile jicho yako imepona?”

“Imepona, mama.”

“Sawa. Kesho nitajua.”

Sasa sikilizeni namna mkono ulivyo na kichwa chake. Asubuhi niliamka, nikanawa, nikatoa shati la pamba, nikapangusa kioo, nikaivalisha objektifu, taf! Miezi saba ya asubuhi iliufundisha mkono. Sikuona hata nilichofanya. Nikaenda kanisani nimenyoosha mgongo, nikapewa fasi nyuma ya kamba, pembeni, karibu na mlango wa sakristia, mahali pazuri pa kupata uso.

Yule kijana alilala kifudifudi wakati wa litania, korali ikaita watakatifu mmoja mmoja. Akainuka, akapiga magoti mbele ya Askofu. Pale watu wote wananyamaza. Hakuna wimbo, hakuna kigelegele, hata watoto wanakuwa kama wamemwagiwa maji. Askofu akainua mikono. Mimi nikaweka jicho: uji! Masikio mawili yakawa manne. Nikapapasa mbele na vidole vikaikuta pete.

Nikavuta. Mpira ulikuwa umeganda kwa joto. Mikono ya Askofu ilikuwa imeshuka kichwani. Nikasokota, nikavuta kama mtu anayeng'oa jino, pete ikatoka, ikaniponyoka, ikaanguka kwenye sementi. Kling! Halafu ikabingirika, rrrrr, ikizunguka taratibu kama sahani, katika kanisa lile lililonyamaza mpaka dari. Baba wa protokole alinigeukia na uso wa siku ya hukumu.

“We papa! Kamata akili!”

Lakini mimi nilikuwa ndani ya aparei. Na ndani ya aparei, safi kama maji ya mlima, niliona yule kijana aliyekuwa amefumba macho tangu apige magoti. Ile kling ilimfungua. Aliinua macho kidogo upande wangu, mikono ya Askofu juu ya kichwa chake, na macho yalikuwa yamejaa machozi ambayo hakuna mtu kanisani aliyeyajua. Nikapiga mara tatu. Akafumba tena.

Nitasema kweli: hata mimi mwenyewe, nikijua ninavyojijua, ile foto ilinizidi.

Siku tatu baadaye niliipeleka Mutwanga, kubwa, mbichi kutoka kwenye mashine. Mama alinawa mikono kwanza. Aliishika kwa pembe, akatafuta kwa kidole mpaka kikafika kwenye jicho, kikasimama hapo.

“Alikuwa analia?”

“Ndiyo, mama.”

“Na hakuniambia.” Akatikisa kichwa. “Baba yake pia alikuwaka analia vile. Na mulomo kufunga, sauti hapana.” Kisha: “Na hapa anaangalia nani?”

Ningeweza kusema mbingu. Nikasema: “Anaangalia miye, mama. Niliangusha kitu.”

Alicheka kile kicheko chake mpaka majirani wakachungulia. “Hapana, fotografe. Nyamaza. Anaangalia mama yake. Wasingya, wasingya kutsibu!” Na baada ya kunishukuru hivyo kwa lugha yetu, akanipakia ndizi mpaka motari akalalamika.

Kioo nilikiokota siku ile ile. Hakikuvunjika, kazi yangu ni kazi. Sasa kinafunika kikombe cha chai cha bibi yangu ili nzi wasiingie, naye anasema ndiyo kitu pekee nilichotengeneza chenye faida. Objektifu inatembea uchi. Vumbi likikaa juu yake nalipuliza kwa pampu ndogo, na foto zinatoka kama kisu.

Mwezi uliopita nilipita Mutwanga kwa harusi, nikaingia kumsalimia mama. Foto iko ukutani, karibu na ile ya baba, ndani ya fremu nzuri. Ila nilisimama mbele yake nikafikiri macho yangu yamezeeka: padri wangu alikuwa na ukungu usoni na mapacha kwenye macho. Nikasogea. Mama alikuwa ameiacha fremu ndani ya plastiki yake ya dukani, imefungwa nyuma kwa uzi.

Nilinyoosha mkono niitoe.

“Acha,” akasema kutoka jikoni, bila kugeuka. “Kuko vumbi.”