Kitako cha Bunduki ya Maranga

Kama umewahi kununua kitanda au jeneza Kegonga, basi unamjua Mniko, na maringo yake unayajua pia. Fundi huyu hakubali kitu kitoke karakana yake kabla hajakipiga msasa mara tatu na vanishi mara mbili. Maiti iko mochari, jamaa wamekodi gari na dereva anapiga honi, yeye bado anasugua kona ya jeneza ambayo baada ya saa mbili itafunikwa udongo. Ukimharakisha, anakutazama tu. Mkewe, Mong'ina, aliacha kubishana naye zamani. Yeye hukusanya maranda yaliyoanguka, akayashindilia kwenye jiko, wakapikia.

Lakini Maranga, babake Mniko, hakupata kulala kwenye jeneza. Mwaka wa tisini na sita aliitwa Muhuru Bay na bunduki yake ya leseni, amwondoe kiboko aliyekuwa akivunja mitumbwi ya wavuvi. Kiboko akaupindua mtumbwi aliopanda Maranga mwenyewe. Kesho yake bunduki ilinaswa kwenye nyavu, kitako kimekatika. Maranga hakuonekana tena. Nyumbani walizika koti lake, na Mniko hakuachiwa hata picha moja ya kumwonyesha mjukuu. Bunduki ilichukuliwa na polisi ikafungiwa stoo Migori.

Ilikaa humo miaka ishirini na minane. Kisha barua ikaja kwamba silaha zote kuukuu zisizo na leseni zitateketezwa mwisho wa mwezi. Mniko alipokwenda kuuliza, alielekezwa kwa Abdisalam wa Homa Bay. Huyu alikuwa fundi wa silaha jeshini, sasa amestaafu na anauza vipuri vya mashine, na polisi humwita wakitaka kujua thamani ya bunduki za kizamani. Alikuwa ameshaikagua.

"Mzee Mniko, hiyo si bunduki ya kawaida," Abdisalam alimwambia, akimsogezea kiti. "Ni ya kuvuta bolti kwa mkono, lakini aina hiyo zilitengenezwa kidogo sana. Nimeshika silaha miaka thelathini na hiyo ndiyo ya kwanza kuona. Mtutu iko na namba 417. Bolti iko na 417. Kama ile kitako ilipotea ikipatikana na iko na 417, makumbusho ya Nairobi watachukua. Nimeongea nao. Wataiweka ndani ya kioo na waandike jina ya mwenyewe."

"Jina ya baba?"

"Ya baba yako. Bila kitako yake, itachomwa na zingine."

"Mimi ni seremala. Naweza chonga ingine."

"Ukichonga ingine, hiyo ni fanicha," Abdisalam akasema. "Tafuta ile."

Basi akashuka Muhuru Bay. Mti huelea, alijiambia, na kitu kinachoelea huokotwa na mtu. Siku tatu alizunguka kati ya mitumbwi na omena zilizoanikwa, akiwauliza wazee kuhusu siku ya kiboko. Wengi walimpa pole, wengine walimcheka. Siku ya tatu mvuvi mmoja mkongwe akamwambia aende dukani kwa Sainab, akatazame kitu kinachozuia mlango.

Ndicho chenyewe. Kimekuwa cheusi kwa mafuta na vumbi, kimepasuka ukingoni, lakini ubavuni zilikuwepo zile alama saba za kisu. Kila Maranga alipoua kiboko, alikata moja. Mniko alipiga magoti pale mlangoni, wateja wakimruka, akazipapasa kwa kidole mpaka ya saba.

"Hiyo mti nilipata hapa nikiolewa," Sainab alisema. "Mzee wa hii nyumba aliokota ufuoni. Ni ya nani?"

"Ya baba yangu."

Sainab alikifuta kwa kanga, akamkabidhi kwa mikono miwili, kisha akaweka jiwe mlangoni.

Usafiri wa kurudi nyumbani sitausimulia. Nitasema tu kwamba mtu wa miaka hamsini na saba alikuwa na furaha ya mtoto, na furaha ile ndiyo iliyomponza.

Asubuhi alikiweka mezani karakanani, akakigeuza mwangani. Namba ilikuwepo chini karibu na shingo, 417, lakini imefifia hata ukiinamisha kichwa vibaya huioni. Mniko akaingiwa na hofu. Je, wakubwa wasipoiona? Na hata wakiiona, atampelekaje baba yake mbele ya watu wa Nairobi akiwa na uchafu wa mlangoni? Hapa ndipo ninapotamani ningekuwa karibu nimshike mkono. Hakuna aliyekuwa karibu. Alichukua msasa. Alisugua mara tatu, kama kawaida yake, mpaka mti ukatoa rangi nyekundu nzuri ajabu. Kisha akatwaa patasi ndogo akaichonga 417 upya, pale pale, kwa kina, tarakimu zimenyooka kuliko za kiwandani. Akamalizia na vanishi mara mbili. Katika maisha yake hakuwahi kufanya kazi safi kama ile.

Migori, Abdisalam alikipokea, na uso wake ukasawijika. Alikigeuza. Alipitisha kidole juu ya namba.

"Hii umechonga wewe."

"Ilikuwepo. Nimeiweka ionekane."

"Najua ilikuwepo, mzee wangu. Nakuamini kabisa." Akakiweka mezani taratibu. "Lakini siwezi weka sahihi. Mtu yeyote akiona hii ataona kazi ya mwezi huu. Hakuna alama ya zamani hata moja umeacha?"

Mniko akakumbuka zile saba. Akakichukua akatafuta ubavuni. Palikuwa laini kama kioo. Alijilaumu, akawa anatafuta tu, upande huu na upande ule, mpaka afisa wa zamu akamwomba apishe mlango.

Bunduki ilichomwa Ijumaa pamoja na nyingine. Kitako walimrudishia, kwa kuwa peke yake ni mti tu.

Jioni ile Mong'ina alimkuta karakanani akiwa amepiga magoti, anapekua chini ya meza.

"Baba, unatafuta nini?"

"Ile unga. Ya msasa, ya ile mti."

"Lakini nilifagia," Mong'ina akasema. "Niliweka kwa jiko na maranda zingine. Ndiyo tulipikia ile ugali ya juzi."

Mniko alibaki magotini. Aliukumbuka ugali ule vizuri, maana alikuwa na furaha na aliomba aongezewe.