Kompyuta ya Shemeji na Ukuta wa Mama

Shemeji yangu hutengeneza picha za nyumba ambazo bado hazijajengwa. Wasanifu humletea michoro, mistari mitupu, naye huiingiza kwenye kompyuta yake na kuitoa ikiwa nyumba kamili, yenye jua dirishani, pazia linalopepea na gari la mtu asiyekuwepo limeegeshwa mlangoni. Ukiiona picha yake unatamani kuhamia. Yeye mwenyewe anaishi nasi katika nyumba ya kupanga, na ofisi yake ilikuwa kwenye stoo isiyo na dirisha.

Mtaani wanamwita Mbio, na jina limemkaa. Anakula amesimama, anaoga chapuchapu, hata akikwambia "pole" anakuwa ameshafika mlangoni. Mdogo wangu, ambaye ndiye mkewe, husema aliposwa na kuolewa kabla hajajua jina la ukoo la bwana harusi. Anatia chumvi, lakini si nyingi.

Mtu wa namna hiyo huwezi kumpa kompyuta ikatembea kwa mwendo wa kiwandani. Aliikusanya mwenyewe, kipande kwa kipande, kisha akaingia kwenye ile mipangilio ya ndani inayokuja kabla mashine haijaamka sawasawa, akaongeza kasi ya prosesa, ule ubongo wa mashine, kupita ile waliyoipanga walioitengeneza. Yeye huita jambo hilo kuikimbiza. Picha iliyokuwa ikichukua siku nzima ikawa tayari kabla ya chakula cha mchana. Feni zilivuma hadi sebuleni, ninakoshona nguo za watu, na siku nyingine sikuisikia hata cherehani yangu.

Sasa nieleze habari ya ukuta, maana ukuta ndio uliotaka kutuondolea mama. Upande mmoja ni ile stoo. Upande wa pili ni chumba cha mama yetu, mama mkwe wake. Mama alipigwa na kiharusi, ubavu wa kulia ukafa ganzi, mkono hauinuki na mguu haumsikii. Hawezi kutoka kitandani bila mmoja wetu kumwinua. Kitanda chake tulikisogeza hadi kwenye ukuta ule ili asianguke akigeuka, na ubavu uliogusa ukuta ulikuwa huo huo wa ganzi.

Shemeji, kwa miaka yote aliyokaa nasi, hakuwahi kukanyaga chumba hicho. Ni mkwe, anaona haya. Humwamkia mama kutoka koridoni, nje ya pazia la mlango, macho yake yakiwa sakafuni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba, umeamkaje?"

Basi, imekwisha. Yule mtu wa mbio zote, akifika penye pazia lile alikuwa mtulivu kama maji ya mtungini. Digrii za joto za prosesa yake alizijua kwa kichwa, ila ukuta wa mgongoni mwa mama mkwe hakuwahi kuuona upande wa pili.

Matatizo yalianzia kwenye kuwaka. Anabonyeza kitufe, feni zinazunguka, taa zinawaka, kioo kinabaki cheusi. Mashine inajizima. Inajiwasha. Inajizima tena. Ikishasitasita hivyo ndipo inaamka, tena kwenye ukurasa wa mipangilio, ikimwambia kwamba kasi aliyoichagua imeshindikana. Hata ikiamka vizuri, akiitwisha picha nzito inakata ghafla, bila onyo, na kazi ya asubuhi yote inapotea. Sisi huku nje tulisikia uvumi wa feni ukikatika, kimya, kisha kiti kikisukumwa nyuma. Kimya kile nilikichukia, sijui kwa nini, tangu siku za mwanzo.

Akaivua mashine nguo zote. Alichomoa vijiti vya memori, akavisugua meno yake kwa ufutio wa penseli, akavirudisha kimoja kimoja akivibadilisha nafasi. Alifuta ile dawa ya kupitisha joto iliyokauka juu ya prosesa, akapaka mpya. Alitoa kibetri kidogo mfano wa kifungo cha koti ili mashine isahau mipangilio yake yote. Ikasahau kweli. Akaikimbiza upya, ikakata upya.

"Si uirudishe kwenye mwendo wake?" mdogo wangu akamwuliza.

"Mwendo wake ndio huu. Kuna kitu kidogo tu kinaniponyoka."

"Kinachokuponyoka ni akili, mume wangu."

Akaibeba kwa rafiki yake, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Ilishinda huko kutwa, kwa kasi ile ile, ikitwishwa mizigo makusudi ili izimie. Haikuzima hata mara moja. Fundi akamrudishia akicheka.

"Mashine yako nzima kabisa, bwana. Inaogopa nyumbani kwenu tu."

Shemeji alitusimulia maneno hayo huku akiunganisha nyaya, nasi tukacheka naye. Akabonyeza kitufe. Feni zikazunguka, kioo kikabaki cheusi, mashine ikajizima. Hakuna aliyecheka tena. Mwisho akasema barabara mbovu imevitikisa vijiti vya memori, akashika ufutio wake na kuanza kusugua.

Upande wa pili wa ukuta, mama alikuwa na raha zake.

"Ukuta huu una joto zuri, mwanangu," aliniambia siku moja nikimbadilishia shuka. "Bega linapumua."

"Bega lenyewe si hulisikii?"

"Silisikii, lakini joto linanifikia huku kifuani. Hebu niache nifaidi."

Nikagusa. Kweli palikuwa na joto, mahali pamoja tu, usawa wa bega. Nikajua ni feni za shemeji zinapuliza upande ule, nikamtandikia mama vizuri na kumwegemeza pale pale apapendapo. Taa ya chumbani kwake nayo ilikuwa ikififia kila kazi ya shemeji ilipopamba moto, kisha inarudi. Mama akaifanyia utani. Alisema mkwe wake akivuta pumzi hata taa inamwitikia.

Hatimaye shemeji alishika adabu. Aliirudisha mashine kwenye kasi ya kiwandani, na mashine ikaamka kwa kitufe cha kwanza. Haikukata siku hiyo wala siku zilizofuata. Yeye alinuna kama mtu aliyepangishwa foleni, lakini nyumba ilitulia, na mdogo wangu akashukuru Mungu kwamba ugonjwa umejulikana. Aliyelalamika alikuwa mama peke yake.

"Mmeuzimia nini ukuta wangu? Umepoa kama kaburi."

Nikamchekea, nikamjazia chupa ya maji ya moto.

Kisha ikaja kazi kubwa. Ilikuwa filamu ya hospitali itakayojengwa, mtazamaji atembezwe kutoka getini hadi wodini, na msanifu aliitaka upesi. Kwa mwendo wa kiwandani isingewezekana. Shemeji akarudi kwenye mipangilio yake. Safari hii hakuongeza kasi tu, akaongeza na umeme unaoingia kwenye prosesa ili isisitesite. Mashine ikagoma mara moja, ikajiwasha, halafu ikashika. Hilo ndilo linalonitia baridi hadi leo, kwamba ilishika. Feni zilivuma kutwa, kesho yake zikavuma tena, naye akatoka stoo akisugua mikono.

"Nimeiweza. Ilikuwa na njaa tu, maskini."

Ndipo ikaanza harufu. Ilikuwa kama ya ndoo ya plastiki iliyosahauliwa karibu na jiko, inakuja na kupotea. Nikanusa pasi yangu, haikuwa yenyewe. Mdogo wangu akasema ni jirani anachoma taka. Tukafunga dirisha la sebule, na harufu ikabaki humo humo ndani nasi.

Mchana wa siku hiyo nilitoka chumbani kwa mama na sahani yake tupu. Shemeji alikuwa mlangoni pa jikoni, sahani mkononi, anakula amesimama kama kawaida yake.

"Mama anakushukuru," nikamtania. "Anasema ukuta wake umerudi."

"Ukuta gani?"

"Huo anaouegemea, wa stoo yako. Ukikimbiza mashine unapata moto, ukiipunguza unapoa. Leo anasema umezidi hata siku zote."

Akaacha kutafuna. Sijawahi kumwona mtu yule akiacha kutafuna.

"Joto liko wapi? Chini? Juu?"

"Usawa wa bega. Si zile feni zako?"

"Feni zangu zinapuliza juu," alisema polepole. "Upande ule hakuna feni. Kuna soketi tu."

Sahani aliiweka sakafuni, si mezani. Rangi ilikuwa imemtoka.

"Shemeji, zima umeme wote. Swichi kubwa. Sasa hivi!"

Swichi kubwa iko koridoni, juu, inataka stuli. Nikaikokota stuli nikiwa sielewi nafanya nini, na nilipopanda nikamwona amefika penye pazia la mama. Hapo, mtu anayeitwa Mbio akasimama. Vidole vya miguu yake vilikuwa vimegusa kizingiti, havikukivuka.

"Hodi, mama."

"Nani?"

"Mimi mkweo, mama. Naomba niingie."

"Subiri baba, sijajifunga kitambaa."

Na akasubiri. Mama hujifunga kitambaa kwa mkono mmoja, akisaidia na meno, na kazi hiyo haina haraka. Nilimsikia akihema, akitafuta pindo. Nikaivuta swichi chini, feni zikafa, nyumba yote ikawa kimya kile nilichokichukia, na katika kimya hicho nikaona moshi mwembamba ukitoka juu ya pazia, mbele ya uso wa shemeji.

"Ingia!" nikapiga kelele. "Heshima gani tena, ingia!"

Akaingia. Alitoka amembeba mama mikononi kama mtoto, kitambaa kikining'inia upande mmoja wa kichwa, na mama akipiga mayowe ambayo sikuyategemea.

"Niweke chini! Jamani, mkwe ananibeba mimi! Nifunikeni!"

Hakulilia kitu kingine. Tulimlaza sebuleni juu ya vitambaa vya wateja wangu, na nilipomgeuza nikaona gauni limegandamana na bega. Nilipolivuta kidogo tu, ngozi ikaja nalo. Mama alikuwa bado anatafuta pindo la kitambaa chake. Hakuwa amesikia chochote. Nililia kwa sauti, mimi mtu mzima, na mdogo wangu akawa anakimbia na ndoo kwenda kulizima godoro, ambalo ukingo wake ulikuwa umekuwa mwekundu bila hata ndimi za moto.

Fundi umeme aliyekuja kuuvunja ukuta alikuta nyaya mbili zimesokotwa kwa mkono, zikazungushiwa utepe na kupigwa plasta juu. Zamani mtu alivuta umeme kutoka chumba cha mama kwenda stoo kwa njia hiyo. Utepe ulikuwa jivu. Alitueleza kwamba mashine ikivuta sana, umeme ulikuwa ukipotea hapo kwenye kiungo na kugeuka joto, nao uliobaki haukutosha, ndiyo maana ilizima. Ikipunguzwa kasi haikuvuta sana, ndiyo maana ilitulia. Mara ya mwisho nyaya zilishikana kwa joto, umeme ukapita, na mashine ikaendelea kuvuta bila kukata. Shemeji alisikiliza ameinamisha kichwa. Mashine ilikuwa ikimwambia kila asubuhi, naye akaipa ufutio.

"Aliyefunga hii ndiye aliyefunga nyumba nzima?" fundi akauliza.

Tukasema hatujui. Akatazama dari, akazungusha macho kwenye kuta zote, mmoja baada ya mwingine.

"Basi zitakuwepo nyingine," akasema, akafunga begi lake.

Tunatafuta nyumba. Mwenye mgonjwa wa kitandani hapokelewi upesi, kwa hiyo bado tupo. Mama alirudi kutoka hospitali na kovu pana kama kiganja, kitanda chake sasa kiko katikati ya chumba. Kompyuta iko sebuleni karibu na cherehani yangu, kwa kasi ya kiwandani, na ile filamu ya hospitali aliimalizia mtu mwingine.

Kila asubuhi shemeji huzunguka nyumba akigusa kuta kwa kiganja. Chumba cha mama hukiacha mwisho. Hupiga hodi penye pazia, na mama hamsubirishi tena.

"Ingia tu, baba. Kichwa changu umeshakiona."

Huingia, huweka kiganja kwenye kiraka cha saruji mpya, na hukaa hapo muda mrefu.

"Umepoa?" mama huuliza.

"Umepoa, mama."

"Na ule mwingine?"

Huwa namsikia akivuka chumba kwenda ukuta wa pili. Mimi husimamisha cherehani hadi nisikie jibu lake.